Mama Asiye na Hadithi: Danu, Anu na Uundaji wa Mungu-Mama katika Visasili vya Ireland

Wasomi wa fasihi ya kale ya Ireland wamerithi kauli moja ambayo hurudiwa takriban katika kila kamusi ya visasili: kwamba Danu alikuwa mungu-mama wa Wakelti, na kwamba miungu wa Ireland, waitwao Tuatha Dé Danann, walikuwa wanawe. Kauli hiyo imefundishwa madarasani, imetungiwa mashairi na kupambiwa majalada ya vitabu. Hata hivyo, mtafiti anayeiweka kamusi kando na kuiendea miswada yenyewe hukumbana na jambo la kushangaza. Hakuna kisa hata kimoja cha zama za kati ambamo Danu anaonekana akizaa, akinyonyesha, akimlilia mwanawe au akimpa wosia. Hakuna jiwe la kale lililochongwa jina lake. Hata umbo lenyewe la jina, yaani Danu, halipatikani katika miswada hiyo; limekisiwa na wanaisimu wa baadaye.

Makala haya yanashikilia kwamba Danu anayejulikana leo alizaliwa kwanza na sarufi, kisha akalelewa na haja ya wasomaji. Dai hilo halina maana kwamba Ireland ya kale haikuwa na miungu wa kike wenye sifa za umama. Walikuwako, na baadhi yao wameacha nyayo zinazoonekana kwa macho. Tatizo ni kwamba nyayo hizo zimefunikwa na kivuli cha mama mmoja mkuu ambaye ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa wengine wote. Kwa yeyote anayefundisha visasili, hasa vile vilivyopita katika vinywa vya watu kabla ya kufika kwenye ngozi na wino, swali la jinsi kivuli hicho kilivyotandazwa si dogo.

Jina na Sarufi

Katika Kiairishi cha kale, tuath ni watu wa himaya moja ndogo, na tuatha ni wingi wake. Dé hutokana na día, yaani mungu. Danann ndilo neno lenye utata, na linaonekana kuwa jina la kike lililo katika hali milikishi. Kiswahili hubebesha umilikishi kwenye kiunganishi, na nomino inayofuata haibadiliki: husemwa "watu wa Mombasa", na Mombasa hubaki Mombasa. Kiairishi huupinda mkia wa nomino yenyewe. Ériu, jina la Ireland, huwa Érenn linapokuwa milikishi. Anu huwa Anann. Basi wanaisimu wa karne ya 19, walipokutana na Danann, walirudi nyuma kwa mlinganisho huo na kufikia Danu. Kisarufi hatua hiyo haina kosa. Ila sarufi huweza kumrudishia mtu jina lake. Haiwezi kumrudishia madhabahu, sikukuu, wala watoto.

Tena umilikishi una mambo yake. Anayesikia "watu wa Musa" hajaambiwa kwamba Musa aliwazaa. Huenda ni wafuasi wake, raia wake, majirani zake au abiria wa gari lake. Kauli "watu wa miungu wa Danann" nayo haikutaja uzazi popote. Uzazi uliingizwa na wasomaji, na ulipokwisha kuingizwa ukaonekana kana kwamba ulikuwamo tangu mwanzo. Yamkini hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mhakiki angepaswa kusimama, lakini wengi wamepita mbio.

Hata neno Wakelti lahitaji hadhari. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi waliwaita hivyo watu wa bara la Ulaya, hususan wa Galia, iliyo Ufaransa ya leo. Waairishi hawakuitwa hivyo katika zama za kale. Ni baada ya Edward Lhuyd kuchapisha utafiti wake wa lugha za visiwa vya Uingereza na Ireland mwaka 1707 ndipo Kiairishi, Kiwelshi na lugha nduguze zilipozoeleka kuitwa za Kikelti. Undugu wa lugha ni jambo lililothibitishwa. Undugu wa ibada ni jambo jingine, na hauwezi kuchukuliwa kwa mkopo kutoka kwenye isimu.

Mama wa Kilima

Mungu-mama wa Kiairishi ambaye ushahidi wake una uzito ni Anu. Anapatikana katika Sanas Cormaic, kamusi ya maneno magumu inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, aliyekuwa askofu na pia mfalme wa Munster, kusini mwa Ireland, na aliyeuawa vitani mwaka 908. Kamusi hiyo ina vidahizo zaidi ya elfu moja. Chini ya jina la Anu, maelezo yaliyochanganya Kilatini na Kiairishi katika pumzi moja yanamtaja kuwa mama wa miungu wa Ireland, yanasema kwamba aliwalisha miungu hao vizuri, na yanaongeza kwamba vilima viwili vilivyoko magharibi mwa Luachair vimepewa jina lake: Dá Chích Anann, Maziwa Mawili ya Anu.

Vilima hivyo vipo hadi leo katika wilaya ya Kerry. Kimoja kina kimo cha mita 694 na kingine mita 690, na kwa mbali havihitaji mfasiri. Juu ya kila kilele watu wa zama kabla ya historia waliweka chungu ya mawe, na chungu hizo zinaonekana kutoka bondeni kama chuchu. Hapa basi pana mambo matatu yaliyokutana: jina katika mswada, umbo la nchi, na kazi ya mikono ya wanadamu juu ya umbo hilo. Ni nadra mno kwa kisasili cha Ireland kuwa na mashahidi watatu wa namna hiyo. Matini nyingine ya zama za kati inayofafanua maana za majina, Cóir Anmann, inasema kwamba watu wa Munster walimheshimu mungu wa kike wa neema aitwaye Ana, nayo pia inamhusisha na vilima hivyo.

Pamoja na hayo, Sanas Cormaic haipaswi kusomwa kana kwamba ni sauti ya kijijini iliyonaswa bila kuguswa. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wa mapokeo ya Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636 na aliyeamini kwamba kiini cha kitu hupatikana kwa kuchimbua asili ya jina lake. Ndiyo maana Anu anaelezwa kwa neno ana, lenye maana ya neema na wingi wa mali. Jina limefasiri kazi, na kazi ikathibitisha jina. Fauka ya hayo, sifa ya "mama wa miungu" ilikuwa tayari imekwisha kuzoeleka katika Kilatini, ambamo alipewa Cybele, mungu wa kike aliyeletwa Roma kutoka Asia Ndogo mwaka 204 kabla ya Kristo. Msomi wa Munster aliyejua Kilatini angeweza kumpa Anu joho lililokwisha kushonwa kwingine. Joho likivuliwa, hata hivyo, vilima havianguki. Anu anabaki na nchi yake, na nchi hiyo ni ya Munster. Kumfanya mama wa Ireland nzima ni dai la kamusi, na kumfanya mama wa Wakelti wote ni dai ambalo hata kamusi haikulitoa.

Watawa na Nasaba

Danann anaingia jukwaani baadaye, na anaingia kwa mlango wa nasaba. Katika karne ya 11 wasomi wa Kikristo wa Ireland walikusanya Lebor Gabála Érenn, Kitabu cha Kutwaliwa kwa Ireland, ambacho R. A. S. Macalister alikihariri katika mabuku matano kati ya mwaka 1938 na 1956. Nia ya kitabu hicho ilikuwa kuipatia Ireland historia inayoweza kuwekwa kando ya Biblia bila haya: kundi moja baada ya jingine linaingia kisiwani, tangu siku za Nuhu hadi mababu wa Waairishi wenyewe. Miungu wa zamani hawangeweza kuachwa nje, kwa maana washairi waliwajua na wafalme walihesabu ukoo kwao. Wala hawangeweza kubaki miungu. Wakafanywa kundi mojawapo la wahamiaji, hodari kwa uganga na sanaa.

Humo ndimo anamotajwa Danand, binti wa Delbáeth, mama wa ndugu watatu, Brian, Iuchar na Iucharba, wanaoitwa miungu watatu wa Danann. Watatu, si wote. Dagda hakuzaliwa naye, wala Lug, ambaye mama yake ni Ethne, wala Núadu. Mahali pengine kitabu hichohicho kinachanganya mambo na kusema kwamba Danand ni jina jingine la Morrígan, mungu wa kike wa vita, na kwamba ndiye aliyevipa vilima vya Anu jina. Wanakili walikuwa na majina mawili yanayofanana kwa sauti, Anann na Danann, na kadiri walivyonakili ndivyo majina hayo yalivyokaribiana hadi yakaingiliana. Katika Cath Maige Tuired, hadithi kuu ya vita vya miungu, yumo mwanamke aitwaye Dianann, jina linalokaribiana sana na hilo. Yeye na mwenzake Bé Chuille ni wachawi, nao wanaahidi kuigeuza miti, mawe na madongo ya udongo yawe jeshi lenye silaha. Ni mwanamke wa kuogopwa, mwenye kauli na ahadi ya kazi. Uzazi haukutajwa.

Swali linalobaki ni kwa nini neno Danann lilihitajika hata kidogo. Matini za mwanzo huwaita miungu hao Tuath Dé au Tuatha Dé tu, na jina refu hujitokeza kwa uthabiti katika maandishi ya mwisho wa karne ya 10 na ya karne ya 11. John Carey alilishughulikia suala hili katika makala mafupi aliyoyachapisha mwaka 1981. Tuatha Dé, ambayo yaweza kusomwa "watu wa Mungu", ilikuwa pia ndiyo istilahi ya waandishi wa Kiairishi kwa Wana wa Israeli. Mtawa asingependa msomaji wake amchanganye Musa na Dagda. Kiongezo kilihitajika ili kuyatenga makundi mawili. Tena lilikuwako fungu la maneno lililotaja miungu watatu wa dán, na dán ni mojawapo ya maneno mazito kabisa ya lugha hiyo: ni kipawa, ni ufundi, ni kazi ya mtu aliyefunzwa, na ni shairi. Kutoka "miungu wa dán" hadi "miungu wa Danann" hatua ni fupi kwa mwandishi ambaye tayari ana jina la kike linalofanana na hilo.

Nadharia hii ikikubaliwa, na wengi wa wataalamu wa leo wanaipa uzito, akiwemo Mark Williams katika kitabu chake Ireland's Immortals cha mwaka 2016, basi nyuma ya jina la mama kuna neno la watunzi. Miungu walikuwa wenye sanaa kabla ya kuwa wenye mama. Kwa mhakiki wa fasihi jambo hilo ni la thamani zaidi kuliko nasaba iliyolifunika, kwa sababu linaeleza kile ambacho hadithi zenyewe zinaonyesha ukurasa baada ya ukurasa. Lug anapofika kwenye lango la Tara anaulizwa ana ufundi gani, naye anataja mmoja baada ya mwingine, useremala, uhunzi, kinubi, ushairi, hadi anaruhusiwa kuingia kwa kuwa hakuna mwingine ndani aliye na kazi zote hizo pamoja. Mlinzi wa lango hamtaki aeleze ni mwana wa mama gani.

Akina Mama wa Mawe

Nje ya Ireland hali ni kinyume kabisa. Katika bonde la mto Rhine, Galia na Uingereza ya Kirumi, yamepatikana mawe ya nadhiri zaidi ya elfu moja yenye majina ya Matres au Matronae, yaani Akina Mama. Aghalabu huchongwa watatu, wameketi, wakiwa na mikate, matunda au watoto wachanga mapajani. Mjini Bonn, chini ya kanisa kuu, wachimbaji walikuta kati ya mwaka 1928 na 1930 madhabahu kadhaa za Matronae Aufaniae. Mojawapo ilitolewa mwaka 164 na Quettius Severus, afisa wa fedha wa mji wa Cologne. Juu yake wanawake wawili wa pembeni wamevaa kofia kubwa za mviringo, na yule wa katikati, ambaye ni kijana, ameacha nywele zake wazi. Kuna mchongo mwingine kutoka Vertault, Ufaransa, ambamo mmoja wa akina mama amempakata mtoto, wa pili amekunjua nepi na wa tatu ameshika vifaa vya kumwoshea. Ni nadra kwa sanaa ya kidini kuikaribia hivyo kazi ya kila siku ya kulea.

Akina mama hawa wana mawe, wana tarehe, wana waja waliotimiza nadhiri zao, lakini hawana hadithi. Danu ana taifa zima la hadithi linaloitwa kwa jina lake, lakini hana jiwe. Kishawishi cha kuziunganisha nusu mbili hizi ni kikubwa, na vitabu vingi vya utangulizi vimekubali kishawishi hicho bila kusema kwamba kati ya Bonn na Munster kuna bahari, na kati ya mwaka 164 na karne ya 11 kuna takriban miaka mia tisa.

Mahali pamoja, hata hivyo, daraja lipo. Mto Marne wa Ufaransa uliitwa Matrona, na Julius Caesar anautaja kwa jina hilo katika kitabu chake cha kwanza kuhusu vita vya Galia. Neno Matrona, likifuata mabadiliko ya kawaida ya sauti za Kiwelshi, huwa Modron. Na Modron yumo katika Culhwch ac Olwen, hadithi ya zama za kati ya Wales, akiwa mama wa Mabon, mtoto aliyeibwa akiwa na siku tatu tu, kutoka kati ya mama yake na ukuta, na ambaye Arthur na watu wake wanamtafuta kwa kuwauliza wanyama wa kale kupita wote duniani. Mabon naye ni Maponos, mungu ambaye jina lake limechongwa kwenye mawe ya kaskazini mwa Uingereza. Hapa sarufi, mto, jiwe na simulizi vinasema jambo moja, na kila kimoja kingeweza kusimama bila kingine. Huo ndio mzani wa kumpimia Danu.

Akipimwa kwa mzani huo, hata ndugu yake wa Wales hamsaidii. Katika tawi la nne la Mabinogi wamo watoto wa Dôn: Gwydion mchawi, Gilfaethwy, Arianrhod. Dôn mwenyewe haonekani. Anatajwa tu kama jina ambalo watoto wameligawana, na wanaisimu hawajakubaliana kama jina hilo lina asili moja na Danann. Mtu anayemthibitisha Danu kwa Dôn anaegemeza ukuta mmoja ulioinama kwenye mwingine.

Caesar ana ushahidi mmoja zaidi ambao huachwa mara nyingi, labda kwa kuwa hauwapendezi wanaotafuta mama. Katika kitabu chake cha sita anasema kwamba Wagalia wote walijihesabu kuwa wametokana na baba mmoja, ambaye yeye anampa jina la Kirumi la Dis, mungu wa kuzimu. Caesar alikuwa mgeni, tena mshindi wa vita, na aliwatazama watu wale kupitia miungu ya kwao. Lakini ndiye shahidi wa karibu zaidi kwa wakati, na ametaja baba.

Dublin, 1904

Karne ya 19 ilikuwa na hamu ya mama wa kwanza. Bachofen alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu haki ya mama mwaka 1861, na isimu linganishi ilikuwa ikiunganisha India na Ireland kwa kasi iliyowalevya wengi. Henri d'Arbois de Jubainville, ambaye mwaka 1882 alikuwa wa kwanza kushika kiti cha Kikelti katika Collège de France, aliziweka hadithi za miungu katika mpango mmoja kwenye kitabu chake cha mwaka 1884. John Rhys, aliyetoa mihadhara yake mwaka 1886, aliwafunga Dôn na Danu pamoja. Baadaye uliingizwa mto Danube, na Dānu wa Rigveda. Mifano hii miwili yastahili kutazamwa, maana haisemi kile inachoitiwa kusema. Danube, kwa Kilatini Danuvius, ni jina la kiume, na kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113, mto huo umechongwa kama mzee mwenye ndevu akitokeza majini. Dānu wa Rigveda ni mama kweli, lakini ni mama wa Vritra, adui wa miungu. Indra anamuua mwana, na mama anaanguka juu yake kama ng'ombe na ndama wake. Kwamba majina haya yanaweza kuwa na mzizi mmoja unaohusu mto au maji ni jambo linalojadilika. Kwamba mzizi mmoja ni mungu mmoja ni ndoto.

Ilikuwa Dublin, hata hivyo, iliyompa Danu uso. Lady Gregory, katika Gods and Fighting Men ya mwaka 1904, aliwataja wanawake wakuu wa kundi la miungu, kisha akamweka Dana juu yao wote kwa cheo cha mama wa miungu. George Russell, aliyetumia jina la AE, alimtungia shairi. Mwaka huohuo lilianzishwa jarida lenye jina Dana, chini ya uhariri wa John Eglinton na Fred Ryan, nalo lilichapisha shairi la kijana aitwaye James Joyce baada ya kuikataa insha yake. Joyce hakusahau. Katika Ulysses ya mwaka 1922, kwenye sura ya maktaba, Eglinton ni mhusika, na Stephen Dedalus anamtaja mama Dana anapozungumzia jinsi miili inavyofumwa na kufumuliwa siku hadi siku. Kuna kejeli hapo, na kuna heshima pia. Joyce alikuwa ameona kwamba mama huyu ni mfumo unaofumwa upya na kila mkono unaoushika.

Haja iliyowasukuma waandishi wale inaeleweka. Nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kigeni, iliyokuwa imepoteza wasemaji wa lugha yake kwa njaa na kwa shule, ilitaka mama aliye mkongwe kuliko mtawala. Hapana ubaya katika kutaka hivyo, na mashairi hayahukumiwi kwa sheria za miswada. Lawama inawaendea waliokuja baadaye na kuyasoma mashairi yale kama ushahidi. Robert Graves, katika The White Goddess ya mwaka 1948, aliwahusisha Danaan wa Ireland na Danaoi wa Ugiriki kwa mfanano wa sauti, na kwa daraja hilo la kamba akavusha dini nzima.

Hoja ya Ukimya

Ipo hoja nzito ya upande wa pili, nayo isipuuzwe. Walioandika walikuwa watawa, wanaume, Wakristo. Je, hawakuwa na kila sababu ya kumfuta mama mkuu? Ukimya wao si huenda ndio alama ya ukubwa wake? Hoja hii ina nguvu kwa wafundishao fasihi simulizi, ambao wanajua ni mangapi hupotea kalamu inaposhikwa na mtu asiyependa anachokisikia.

Lakini watawa haohao hawakuwafuta wengine. Walimwacha Boann, ambaye ni mto Boyne wenyewe, aliyelala na Dagda na kumzaa Óengus katika siku moja iliyorefushwa kwa uganga. Walimwacha Macha, aliyelazimishwa kushindana mbio na farasi wa mfalme akiwa na mimba, akajifungua mapacha mwishoni mwa uwanja na kuwalaani wanaume wa Ulster wapatwe na uchungu wa kuzaa saa ya hatari yao kubwa. Walimwacha Brigit akimlilia mwanawe Ruadán, na kilio hicho kikasemwa kuwa cha kwanza kusikika Ireland. Walimwacha Ériu akidai jina lake lipewe kisiwa, na akapewa. Kama kalamu yao iliwavumilia mama hawa, wenye damu, maziwa na laana, ni vigumu kueleza kwa nini ingemmeza mmoja tu, tena yule ambaye jina lake waliliandika mara nyingi walipowataja miungu. Hasara ya nadharia ya mama mkuu ni kwamba huwageuza Boann na Macha kuwa sura zake tu, vivuli vya mwingine, wakati wao ndio wenye hadithi.

Chini ya vilima vya Anu, mahali paitwapo Shrone, kuna boma la kale la mawe ambalo wenyeji wa Kerry huliita "Mji", na kwa Kiairishi Cathair Crobh Dearg. Ndani yake mna kisima. Siku ya kwanza ya Mei watu walikuwa wakiwapeleka ng'ombe wao pale, wakizunguka kwa sala na kuwanywesha maji ili mwaka uwe wa maziwa na usiwe wa maradhi. Walipoulizwa mahali ni pa nani, walimtaja mtakatifu mwanamke aitwaye Crobh Dearg, Mkono Mwekundu, mmoja wa dada watatu; mwenzake Latiaran anakumbukwa Cullen, ng'ambo ya mpaka wa Cork. Huenda katika dada watatu hao kuna mabaki ya jambo la kale sana. Walioleta ng'ombe walikuwa na vilima viwili juu ya vichwa vyao na maji miguuni, na jina la Danu halikuwa vinywani mwao.